Tarbia huanzia mstari wa nne

Mimi hutunga tarbia, shairi lenye mishororo minne kila ubeti, kuanzia chini. Kibwagizo, yaani mshororo wa mwisho, kwanza, kwa sababu ndicho kitakachorudi kila ubeti. Kikiwa dhaifu, beti saba zitaurudia udhaifu huo mara saba. Huu ndio ubeti tutakaoutazama:

Mvuvi yu baharini, ngalawa yatikisika,
Kusi yavuma usoni, tanga nalo lapasuka,
Mke amngoja pwani, machozi yamdondoka,
Bahari si ya utani, yataka kuheshimika.

Kila mshororo una mizani (silabi) 16: 8 za ukwapi, nusu ya kwanza, na 8 za utao, nusu ya pili. Mshororo wa kwanza ulipoanza ulikuwa "Mvuvi yuko baharini". Hesabu kwa vidole: m-vu-vi-yu-ko-ba-ha-ri-ni, 9. Mizani moja imezidi, na mwimbaji atajikwaa hapo. "Yuko" ikawa "yu", neno kamili la Kiswahili, tena lenye uzito wake. Wengi hukosea kwenye "m" inayosimama peke yake: "mke" ni mizani 2, "amngoja" ni 4 (a-m-ngo-ja). Lakini "pwa" ya "pwani" ni mizani moja tu.

Inkisari, yaani kufupisha neno, ninaikubali, mathalani "takuja" badala ya "nitakuja", ila isizidi moja kwa ubeti. Ninachokikataa kabisa ni viraka: "jamani", "kwa hakika", "nawambia". Vinajaza mizani bila kusema kitu, na sikio huvitambua mara moja.

Kituo cha katikati nacho kiangukie mwisho wa fungu la maneno. Ukiandika ukwapi unaoishia na "mke wa", kisha utao uanze na "mvuvi", umelivunja wazo palepale mwimbaji anapovuta pumzi.

Vina, silabi zinazofanana mwishoni mwa kila nusu, hapa ni -ni na -ka. Kina ni silabi nzima: "chukua" haiingii palipo na "pasuka", japo zote zinaishia na "a". Kusema kweli, -ni ni kina chepesi, kwa kuwa nomino nyingi za mahali hukipokea. Ndiyo maana niliweka "utani", ambayo -ni yake ni ya neno lenyewe. Ukitaka mtiririko wa beti 7, yaani vina vilevile toka mwanzo hadi mwisho, kila upande unahitaji maneno 21 yasiyojirudia, mbali na kibwagizo. Yaorodheshe kabla ya kuanza. Yakikuishia ubeti wa tano, usilazimishe: geuza shairi liwe ukaraguni, vina vibadilike kila ubeti, kibwagizo kibaki kilivyo.