Mzazi Mmoja Anapotaka Kuhama na Mtoto

Mama ni muuguzi Temeke, baba ni fundi umeme Mbagala. Walishaachana, na amri ya mahakama inasema mtoto wao wa miaka 6 akae na mama, baba amchukue kila Jumamosi. Kisha mama anapokea barua ya uhamisho kwenda Bukoba, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam. Ile Jumamosi ya baba haiwezekani tena, ingawa hakuna aliyemkosea mwenzake.

Sheria za Tanzania Bara hazina kifungu chenye kichwa "kuhama na mtoto". (Zanzibar ina Sheria yake ya Mtoto ya 2011 na Mahakama za Kadhi, haya ninayoandika ni ya Bara.) Suala hili huingia mahakamani kama maombi ya kubadilisha amri ya malezi iliyopo, yanayopelekwa kwenye mahakama iliyoitoa. Kama hakuna amri, yanafunguliwa maombi mapya ya malezi chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Kipimo ni kimoja, maslahi ya mtoto. Baada ya hapo, kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamtaka hakimu aangalie matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto aliyefikia umri wa kutoa maoni yake mwenyewe, na mila za jamii wanayotoka.

Kifungu hicho hicho ndicho kinachosomwa vibaya kuliko vyote. Kinasema ichukuliwe kuwa ni vyema mtoto wa chini ya miaka 7 akae na mama yake, na dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Basi. Hakuna mahali kinaposema kwamba akitimiza miaka 7 anakwenda kwa baba, lakini kina baba wanahesabu miezi kwenye cheti cha kuzaliwa na kina mama wanahama usiku kuiwahi siku hiyo. Mtoto anaumia kwa sheria ambayo haipo.

Kinaendelea kusema mahakama izingatie madhara ya kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumbadilishia malezi. Kesi ya kuhama inasimamia hapo, maana maneno hayo yanawabana wazazi wote wawili. Mtoto akienda Bukoba anapoteza shule, marafiki na Jumamosi za baba. Akibaki Dar anampoteza mtu anayemwamsha, anayemwogesha na kujua dawa zake. Hakimu atauliza badiliko lipi lina madhara machache zaidi, na jibu analipata kwenye karatasi zenu.

Ndiyo maana hati ya kiapo inayojaa kurasa za ugomvi wa zamani haimsaidii mwombaji. Ambatisha barua ya uhamisho, barua ya shule mpya iliyokubali kumpokea, na maelezo ya nyumba: vyumba vingapi, nani mwingine anaishi humo, nani atabaki na mtoto mama akiwa zamu ya usiku. Kipengele hiki cha mwisho husahaulika mno, na ndicho cha kwanza ambacho afisa ustawi wa jamii ataulizia atakapofika kuandaa ripoti yake. Taja pia wakati wa kuhama. Mwanafunzi huhamishwa na namba yake ya PREM (namba ya utambulisho wake shuleni), na kumng'oa katikati ya mwaka wa darasa la nne au la saba ni kumtia matatani na mitihani ya taifa. Januari ni salama zaidi.

Halafu andika mpango wa baba, kwa tarehe na kwa shilingi. "Baba ataruhusiwa kumwona mtoto wakati wowote" ni sentensi tupu, kwa sababu haitekelezeki. Andika kwamba likizo ya Juni yote ni ya baba, ya Desemba inagawanywa katikati, na simu ya video ni Jumatano na Jumapili saa 1 jioni. Nauli analipa nani, na mtoto anasindikizwa na nani? Nani anampokea stendi? Umbali nao una uzito wake: Dodoma leo, kwa treni ya SGR, mzazi wa Dar anaweza kwenda na kurudi wikiendi moja, Bukoba hawezi, kwa hiyo siku zinazopotea kila wiki zirudishwe kwenye likizo.

Kosa linaloharibu kesi nzuri ni kuhama kwanza na kuomba baadaye. Mwandikie mwenzako mapema, mpe muda wa kujibu, tunza nakala. Mkikubaliana, pelekeni makubaliano mahakamani yawe amri. Mzazi anayeachwa naye asivunje amri kwa kumzuia mtoto baada ya likizo, wala asikate matunzo. Afungue maombi ya zuio la muda chini ya hati ya dharura, yaani hati inayoiomba mahakama iyasikilize haraka. Mkitegemea ujumbe wa WhatsApp, chapisheni mazungumzo yote, namba na tarehe zionekane, na kiapo kieleze yalitolewaje kwenye simu, kwa kuwa ushahidi huo unapimwa chini ya kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015. Kipande kilichokatwa kinazua shaka tu.

Kuhama nje ya nchi ni jambo zito zaidi. Tanzania si mwanachama wa Mkataba wa The Hague wa 1980 wa kurudisha watoto waliochukuliwa kinyume cha sheria, na Kenya pia si mwanachama. Mtoto akivushwa Namanga bila ridhaa, hakuna utaratibu wa mkataba huo wa kumrudisha; utaanza kesi upya Nairobi, chini ya sheria yao ya watoto ya 2022. Kama mama anakwenda kufanya kazi Oman na mtoto anabaki kwa bibi, kesi inageuka kabisa: sasa ni bibi na baba, na baba ana hoja nzuri.

Mwenye wasiwasi wa mtoto kutolewa nchini aombe amri ya kuzuia hilo mapema. Amri itaje pasipoti na pia hati ya dharura ya safari, ambayo inatosha kuvukia kwenda nchi jirani. Nakala yenye muhuri wa mahakama ifikishwe Uhamiaji siku hiyo hiyo, nawe ubaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa.