Si kila ndege ina kisanduku cheusi

Kuna ujumbe usiochoka kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp hapa Mombasa. Ndege ndogo ikipata ajali inapotua, popote pale, unarudi: "Mbona hawaonyeshi kisanduku cheusi? Wamekificha!" Si kweli, na unawaumiza jamaa wanaosubiri majibu.

Kwanza, kisanduku chenyewe, yaani kinasa kinachohifadhi kumbukumbu za safari ya ndege, si cheusi. Hupakwa rangi ya chungwa iliyokoza ili kionekane upesi kwenye mabaki. Jina ndilo linalotupoteza. Tena yale madege makubwa ya abiria tunayoyaona yakishuka juu ya Changamwe sharti yawe na vinasa viwili, kimoja cha mwenendo wa ndege, kingine cha sauti za marubani. Lakini ndege nyepesi kama Cessna 172, ya watu wanne pamoja na rubani, kwa kawaida hailazimishwi kuwa nacho.

Basi wachunguzi hutazama nini? Rafadha, yaani lile pangaboi linaloivuta ndege, kwa mfano: panga zake zikiwa zimejipinda ncha na kukwaruzika kwa mapana, ni dalili kwamba injini ilikuwa ikizunguka kwa nguvu zilipogusa chini. Kuna alama za matairi, mafuta yaliyobaki, daftari la matengenezo, na mazungumzo ya redio na mnara wa kuongozea ndege. Kazi hiyo huchukua miezi mingi.

Kanuni za usafiri wa anga za Kenya zimo mtandaoni. Soma sehemu ya vinasa vya safari, uone zinavyotenganisha ndege kwa uzito. Ujumbe huo ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze. Mweleze kwa upole aliyekutumia, hata akiwa ni shangazi yako.