Daraja na mvuto wa sarafu ya shaba: maana yake

Neno pesa lenyewe limetoka kwenye sarafu ya shaba. Paisa ya Wahindi ilifika pwani yetu pamoja na biashara. Sultan Barghash naye akatengenezesha ya kwake mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, yenye picha ya mizani, na kuanzia 1890 kampuni ya Wajerumani ikatoa pesa yenye tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili. Pesa 64 za Wajerumani zilikuwa rupia moja. Sarafu hizi bado zipo, kwenye makasha ya bibi zetu na kwenye meza za wauza vitu vya kale, na kila anayeokota moja huuliza: hii ni nzuri?

Wakusanyaji hulijibu swali hilo kwa maneno mawili yasiyofanana. Daraja husema sarafu imechakaa kiasi gani tangu ilipotoka kiwandani. Mvuto husema jicho linaipokeaje: rangi yake, usawa wa uso wake, namna inavyocheza na mwanga. Kwenye dhahabu mambo haya mawili mara nyingi huenda pamoja. Kwenye shaba huachana, maana shaba haitulii. Hewa, jasho la kiganja na chumvi ya bahari huigeuza siku zote, hata ikiwa imelala kwenye sanduku.

Kipimo cha daraja kinachotumika sana leo huanzia 1 na kuishia 70. Mmarekani William Sheldon alikitoa mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za mwanzo za nchi yake, kisha kikaenea hadi kwenye fedha na dhahabu. Namba 1 ni sarafu inayotambulika tu kuwa ni ipi. Kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu ambayo haikuwahi kutumika.

Ukiipokea pesa ya 1890, anza na kifua cha tai. Hapo shaba iliinuka kuliko sehemu nyingine, na kilichoinuka ndicho kinachosuguliwa kwanza na vidole na mifuko. Manyoya yakihesabika, daraja liko juu. Kifua kikiwa bapa lakini mbawa bado zina mistari, uko katikati. Tai akibaki kivuli, mwaka hausomeki na ukingo umezama kwenye uso, uko chini kabisa.

Lakini si kila kilichofifia kimechakaa. Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezibiwa bahari na meli za Uingereza, sarafu za heller 20 (heller ilikuwa sehemu ndogo ya rupia yao) zilipigwa chapa Tabora, kwenye karakana ya reli, nyingine kwa shaba na nyingine kwa shaba ya njano. Kazi ilikuwa ya haraka na vifaa vilikuwa vya kubahatisha, kwa hiyo nyingi zilizaliwa na herufi dhaifu. Kuzishusha daraja kwa sababu hiyo ni kuzionea. Angalia rangi ya pale palipofifia: palipochakaa hulainika na kubadilika rangi, palipopigwa chapa hafifu hubaki na uso uleule wa jirani yake.

Sasa rangi, na hapa ndipo shaba inapohitaji subira. Sarafu mpya ya shaba ni nyekundu yenye umachungwa. Miaka ikipita hugeuka kahawia. Wakadiriaji huzigawa makundi matatu: nyekundu, zenye karibu asilimia 95 au zaidi ya rangi ya awali, nyekundu-kahawia, na kahawia, zilizobakiwa na chini ya asilimia 5. Nyekundu ndiyo ghali. Hata hivyo, kwa jicho langu kahawia iliyotanda sawasawa huipita kwa mbali nyekundu yenye madoa meusi, na sitabadili neno hilo hata bei zikisema vingine.

Kinachoharibu yote ni usafi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili nilipozichukua pesa tatu za babu nikazisugua kwa ndimu na majivu, kama tulivyosugua sinia za shaba Idi ikikaribia. Ziling'aa, na nyumba nzima ikasifu. Lakini ile asidi ilikuwa imekula ngozi yake. Zikabaki na wekundu uliopauka, kama mkono uliobabuka, na majivu yakaacha mikwaruzo myembamba mamia kwa mamia. Ukiinamisha sarafu yenye mng'ao wake wa asili chini ya taa, mwanga hukimbia kuizunguka. Kwenye zile tatu mwanga ulisimama pale pale, umekufa. Manyoya ya tai yalikuwa yote, kwa hiyo ukihesabu uchakavu peke yake zilistahili namba nzuri. Kampuni za ukadiriaji hazingezipa namba hiyo. Zingeandika tu kwamba maumbo yapo na kwamba sarafu imesafishwa.

Kijani nacho kisichanganywe. Utando mwembamba, mgumu, uliotulia, unaweza kuachwa. Unga wa kijani hafifu unaorudi kila ukipanguswa ni ugonjwa wa chumvi, tunaoujua sana sisi wa pwani, na huitoboa shaba vishimo. Sarafu kama hiyo itengwe na wenzake, iwekwe pakavu, na isifungwe kwenye vifuko vya plastiki laini vinavyotoa utelezi wa kijani.

Pesa ya nne ya babu ilinusurika kwa kuwa ilikuwa imenasa kwenye pembe ya kasha. Kifua cha tai wake kimelainika kidogo, kwa hiyo kwa namba iko chini ya zile tatu. Rangi yake ni ya halua ya Unguja, imekolea kuzunguka herufi na kuwa nyepesi penye mbawa. Ninapowaonyesha wageni zote nne juu ya kitambaa, watoto hukimbilia zile zinazong'aa. Wakusanyaji huinyanyua hii, kwa ncha za vidole, kwa kuishika ukingo.