Jiwe la Kijani Kutoka Taita: Lipime Kabla ya Kulilipia

Mawe ya kijani yanayoteremshwa Mombasa kutoka upande wa Kasigau huuzwa kwa jina moja, tsavoraiti, na muuzaji hukuonyesha rangi tu. Rangi ndiyo sifa ya kuaminiwa mwisho. Metali ya vanadi au kromi, hata kidogo tu, yatosha kuyapaka kijani mawe mengi: ganeti, turmalini, zumaridi, hata kioo. Mimi huanza na uzito.

Tsavoraiti ni ganeti yenye kalisi, alumini na silika. Ilianza kama matope ya baharini yenye chokaa na mabaki ya viumbe, na vanadi ilikuwamo humo. Yapata miaka milioni 600 iliyopita mabara yaligongana, matope yale yakazikwa kilomita nyingi chini, yakapata joto la zaidi ya nyuzi 600 za Selsiasi. Mabaki ya viumbe yakawa grafiti. Ndiyo maana wachimbaji huufuata mwamba mweusi unaochafua vidole. Kwa mgandamizo ule, atomi za ganeti zilishikana kwa karibu mno. Sentimita moja ya ujazo ya tsavoraiti ina gramu 3.6 hivi. Kioo cha kawaida kina 2.5, zumaridi 2.7, turmalini 3.1, floraiti 3.2.

Kupima kwataka mizani ya kidijitali inayosoma hadi gramu 0.01, kikombe na uzi mwembamba. Pima jiwe likiwa kavu, uandike. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, uirudishe kwenye sifuri. Lining'inize jiwe kwa uzi hadi lizame lote, lisiguse chini wala ubavuni. Namba utakayoiona ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito wa kwanza kwa huo: jiwe la gramu 7.22 likisoma 2.00, jibu ni 3.61, yaani gramu 3.61 kwa kila sentimita ya ujazo.

Hapa Mombasa jibu huharibiwa sana na maji. Visima vingi vya kisiwani vina chumvi, na maji yenye chumvi ni mazito, kwa hivyo jiwe huonekana jepesi kuliko lilivyo. Tumia maji ya betri, yale yaliyokenekwa. Tia tone moja la sabuni ya vyombo ili viputo visigande juu ya jiwe, maana kiputo nacho husukuma maji. Zima feni, la sivyo namba haitulii. Jiwe lenye mwamba uliobaki kando litakudanganya, na lililo chini ya gramu 1 halifai kwa mizani hii: kosa la 0.01 tu laweza kugeuza 3.61 kuwa karibu 3.5.

Kuna kioo chenye risasi kinachofika 3.6 sawasawa. Hapo ndipo ugumu unapohitajika. Kwenye kipimo cha Mohs tsavoraiti ni 7 hadi 7.5, tupa ya chuma ni kama 6.5, kioo hicho hakifiki 6, floraiti ni 4. Pitisha ncha ya tupa kwenye kona ya jiwe ghafi, kisha ufute kwa kidole kilicholowa: alama ikifutika ni unga wa chuma tu, ikibaki jiwe limekwaruzwa. Usilijaribu jiwe lililokwisha kukatwa, utaliharibu bure.

Kwa jiwe lililokatwa tumia mwanga. Washa skrini nyeupe ya laptopu, uitazame kupitia miwani ya jua ya polaroidi huku ukiizungusha miwani hadi skrini iwe nyeusi. Shika jiwe katikati ya skrini na miwani, ulizungushe polepole. Turmalini na zumaridi zitawaka na kuzima mara nne kwa mzunguko mmoja. Tsavoraiti hubaki na giza, au huonyesha mawingu hafifu tu; kioo nacho hubaki hivyo hivyo, kwa hivyo mwanga hauvitenganishi. Rudia kwa pande tatu, kwa sababu hata turmalini ina upande mmoja ambao haiwaki.

Yapo yanayozipita hatua zote hizi. Spineli ya kiwandani ya kijani ina 3.63, ni ngumu kuliko tupa, na haiwaki. Kuitenganisha na tsavoraiti kwahitaji kifaa cha kupima jinsi mwanga unavyopinda: tsavoraiti husoma 1.74, spineli 1.73. Ikiwa bei ni kubwa, lipeleke jiwe maabara kabla ya kutoa hata arubuni.