Galenika ni nini?

Chukua kidonge cha parasetamoli cha miligramu 500, kiweke kwenye mizani nyeti. Uzito utazidi 500. Kile kilichozidi, na sababu ya kuwekwa humo, ndiyo galenika.

Jina linatokana na Galeni, tabibu wa Pergamo aliyezaliwa mwaka 129. Katika vitivo vinavyofundisha kwa Kifaransa, galenika ni fani ya kugeuza kiini cha dawa kiwe kitu ambacho mgonjwa anaweza kumeza, kupaka, kudungwa au kutia jichoni.

Nilipoanza masomo ya sayansi ya dawa kwenye Chuo Kikuu cha Lubumbashi nilidhani kazi yote ni kukariri dawa na magonjwa yake. Galenika ilinitoa huko. Kwenye TP, yaani mazoezi ya maabara, unapika wanga kwa maji mpaka uwe uji mzito, unaumimina juu ya unga wa dawa uliochanganywa na laktosi (sukari ya maziwa), kisha unakanda. Mwenzangu akacheka: kumbe tumekuja kujifunza kusonga bukari, yaani ugali! Hakukosea sana. Uji ukipungua, donge linabomoka; ukizidi, linaziba chekeche. Donge lililokubali, ukilibana kiganjani linashikamana, ukiligusa kwa kidole linapasuka. Basi unalipitisha kwenye chekeche, unakausha chembe zake (umeme ukikubali), unatia talki na stearati ya magnesiamu kidogo sana ili zisigande kwenye mashine, ndipo unazibana ziwe vidonge.

Vitu hivyo visivyotibu huitwa eksipienti. Wengi huvidharau kama vya kujazia nafasi tu, lakini stearati ina asili ya mafuta: ukiizidisha, maji yanashindwa kupenya na kidonge kinachelewa kupasuka. Kidonge cha kawaida, kisichopakwa kitu, kinatakiwa kisambaratike ndani ya dakika 15 kwenye maji ya nyuzi 37. Vyetu vya kwanza vilipita dakika 20 vikiwa vizima, vinapanda na kushuka ndani ya chombo kama kokoto, na sisi tumekodoa macho kwenye saa. Tukarudia yote. Baada ya hapo unapima uzito wa vidonge 20, kimoja kimoja, maana visipolingana mgonjwa mmoja atapata dozi pungufu na mwenzake atazidishiwa.

Malai na marhamu za kupaka ngozi, siro (dawa tamu ya maji) na matone ya macho vina kanuni zake. Matone, kwa mfano, lazima yasiwe na kijidudu hata kimoja.

Maana ya somo hili niliielewa vizuri nikiwa nyumbani, Katuba, hapa Lubumbashi. Jirani yetu, mama mtu mzima, alilalamika kwamba omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, haimsaidii. Nikamuuliza anainywa vipi. Kapsuli zinamkwama kooni, kwa hiyo anazifungua, anasaga punje zilizomo mpaka ziwe unga, anakoroga kwenye uji. Sasa omeprazoli huharibiwa na asidi ya tumbo. Ndiyo maana kila punje imevikwa utando usioyeyuka mpaka ufike kwenye utumbo, na yeye alikuwa akiuponda kila asubuhi.

“Mama, usizisage,” nikamwambia. “Zimeze nzima, usizitafune. Zimevaa nguo.”

Akamimina chache kiganjani, akazisogeza karibu na macho.

“Hizi ndogo hivi, dokta? Na zenyewe zinavaa?”