Maji Ndiyo Yanayoikusanya Sabuni

Weka maji masafi kwenye beseni, nyunyiza pilipili manga ya unga, kisha gusa katikati kwa ncha ya kidole chenye sabuni. Kufumba na kufumbua, pilipili yote imekimbilia ukingoni. Molekuli za sabuni zimetanda juu ya maji: kichwa kinachopenda maji kimezama, mkia wa mafuta umechomoza hewani. Mvutano wa uso wa maji, yaani nguvu inayoukaza uso huo kama ngozi, kwenye nyuzi joto 25 ni milinyutoni 72 hivi kwa kila mita; penye sabuni hushuka hadi karibu nusu, na maji ya pembeni, yanayovuta kwa nguvu zaidi, huondoka na pilipili.

Elimu hii ina mizizi jikoni. Agnes Pockels wa Braunschweig, Ujerumani, hakusoma chuo chochote. Alikuwa nyumbani akiwauguza wazazi wake. Alijiundia chombo cha kupimia uso wa maji, na mwaka 1891 mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh akamsaidia vipimo vyake vichapishwe katika jarida la sayansi la Nature.

Uso ukishajaa, sabuni ya ziada hujikusanya ndani ya maji, mikia ndani na vichwa nje, ikawa vifundo viitwavyo miseli (si wasela wa kijiweni, ingawa nao hukaa kwa makundi). Sodiamu dodesili salfeti, iliyomo katika dawa nyingi za meno, huanza kujikusanya ikifika gramu 2.4 hivi kwa lita, molekuli zipatazo 60 kwa kila kifundo. Kuanzia hapo, mwaga sabuni utakavyo, mvutano haushuki tena.

Wengi hudhani mikia inavutana. Hasa ni maji yanayoifukuza. Molekuli za maji zinazouzunguka mkia hulazimika kujipanga na kupoteza uhuru wa kugeukageuka. Mikia ikijificha pamoja, maji hupata nafasi yake. Katika joto la kawaida, nishati inayoingia au kutoka ni ndogo mno. Kinachoamua ni entropia, yaani huo uhuru. Kwangu mimi hapa ndipo penye utamu: sabuni inajipanga kwa sababu maji yanataka fujo.

Mfuaji wa maji ya kisima cha chumvi atauliza mbona anamaliza mche mzima na povu halioni. Kalisiamu na magnesiamu huvishika vichwa, sabuni ikageuka utando mweupe unaong'ang'ania beseni, na povu la maana halitoki mpaka madini hayo yamalizwe. Sabuni ya unga huvumilia zaidi, maana vichwa vyake ni vya salfonati, aina isiyoshikwa kwa urahisi na madini hayo. Na sabuni ya mafuta ya nazi, ambayo mikia yake mingi ni mifupi, ya atomi 12 tu za kaboni, hutoa povu hata kwa maji ya bahari.