Hati za HOA: karatasi zinazokwenda na nyumba inapouzwa

Aliyezoea kununua kiwanja Mbezi au Kitengela anajua kwamba akishapata hati yake, rangi ya ukuta ni shauri lake. Marekani, katika mitaa mingi iliyojengwa kwa mpango mmoja, sivyo. Ukinunua nyumba pale umeshaingia katika chama cha wamiliki, utake usitake. Waswahili wa huko nao wanakiita HOA tu. Kina bodi, kina ada, kina kanuni zake, na majani ya uani yakirefuka kinaweza kukupiga faini.

Kwa kuwa mnunuzi anarithi yote hayo, sheria za majimbo mengi zinataka apewe hati za chama kabla mauzo hayajakamilika. Huwa ni bunda zima: katiba ya chama, masharti ya mtaa, bajeti, bima, kesi zilizoko mahakamani, pamoja na taarifa ya kiasi ambacho muuzaji anadaiwa.

Watu wengi hukimbilia masharti, waone kama wanaruhusiwa kufuga mbwa au kupangisha chumba. Si vibaya, lakini mimi ningeanza na fedha, hasa mfuko wa akiba. Huo ndio wa kuezekea paa upya au kutengeneza barabara za ndani. Ukiwa mtupu, bodi huwageukia wamiliki kwa mchango maalumu, na mchango huo hauulizi nani alihamia jana. Tuseme ada ni dola 90 kwa mwezi, unaiona nafuu. Kumbe ni nafuu kwa sababu kwa miaka mingi hakuna kilichowekwa akiba. Ada ndogo inanitia shaka kuliko kubwa.

Dokezo la jambo hilo mara nyingi limo katika mihtasari ya vikao vya bodi. California, mnunuzi ana haki ya kuomba mihtasari ya miezi 12 iliyopita. Inachosha kusoma, nakubali: kurasa tatu za ugomvi wa maegesho, halafu mstari mmoja kwamba fundi ameleta makadirio ya paa.

Florida walijifunza kwa msiba. Juni 2021 jengo la fleti la Champlain Towers South, Surfside, liliporomoka na kuua watu 98, huku wamiliki wakiwa wametakiwa kuchangia mamilioni ya dola za matengenezo. Mwaka uliofuata jimbo likapitisha sheria ya kukagua majengo ya fleti yaliyozeeka na kupima akiba zake.

Kwa muuzaji, shida kubwa ni muda na gharama. Texas chama hakiruhusiwi kutoza zaidi ya dola 375 kwa cheti cha mauzo, yaani taarifa ya chama kuhusu nyumba inayouzwa. California chama kina siku 10 za kutoa hati tangu kiombwe kwa maandishi, Virginia 14, na hukohuko Virginia mnunuzi akishapokea hati ana walau siku 3 za kujitoa bila adhabu. Ukingoja mpaka mteja apatikane ndipo uombe, umemwachia nafasi ya kubadili mawazo.

Tena cheti kinaweza kukuumbua. Cha Texas hutaja ukiukaji wa masharti ambao bodi inaujua: ule uzio wa mbao uliojenga miaka mitatu iliyopita bila kibali, ukausahau, wenzako wameuandika. Utaombewa kibali sasa au utang'olewa, na mnunuzi atataka kujua ni nani atakayemlipa fundi.